Si Kila Akosaye Pumzi Ana Pumu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi ikaingia na kutoka usiku na mchana bila ya sisi kuiamrisha. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, nataka kusema nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wenu hamjapata kuusikia, ingawa huenda umo katika nyumba ya jirani yenu, au katika nyumba zenu wenyewe. Ugonjwa huu hufanana na pumu hata ukadhaniwa ndiyo pumu. Walakini si pumu, na dawa ya pumu haiutibu. Mimi nimeishi nao tangu mwaka 2018, na kwa muda wa miaka minne nalikuwa nikitibiwa kwa jina lisilokuwa lake. Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa kuwa naamini kwamba jina la haki la ugonjwa ni nusu ya tiba yake, na jina lisilo la haki huleta madhara yake lenyewe, hata kama aliyelitaja alikuwa na nia njema.

Kwanza yafaa tuelewe jambo lenyewe. Ndani ya shingo, juu ya njia ya pumzi, kuna zoloto, lile ambalo kwa wanaume huonekana likipanda na kushuka wanapomeza. Ndani yake zimo nyuzi mbili za sauti. Tunaposema, nyuzi hizo hukaribiana, na hewa itokayo mapafuni huzitikisa ikawa sauti. Tunapomeza, hufunga kabisa ili chakula kisipotee njia. Na tunapovuta pumzi hufunguka, kama milango miwili isukumwayo kwa pamoja ili mgeni apite. Basi mtu mwenye ugonjwa huu nyuzi zake hufanya kinyume: anapovuta pumzi, badala ya kufunguka hukaribiana, pakabaki upenyo mdogo tu. Mapafu yake huweza kuwa mazima kabisa. Mlango ndio uliofunga. Katika pumu mambo ni mengine, kwani mirija midogo iliyo ndani ya mapafu ndiyo ibanayo, na taabu yake kubwa ni katika kuitoa pumzi. Wote wawili hukoroma, wote wawili hushika kifua na kuomba msaada, na mtazamaji aliye na hofu hawezi kuwatofautisha.

Kwa mwalimu wa Kurani koo si mahali pageni. Katika elimu ya tajwidi twafundisha kwamba herufi sita hutoka kooni, na kila mbili zina mahali pake: hamza na hee hutoka chini kabisa, ain na haa katikati, ghaini na khaa juu, karibu na mdomo. Mtoto akichanganya haa na hee hatumwachi aendelee. Twamrejesha mpaka aitoe herufi mahali pake, kwani ikitoka pasipo pake neno hugeuka maana. Wanavyuoni wetu wa zamani waliliangalia koo kwa makini sana. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, katika karne ya 8 Miladiya, alipopanga kamusi yake alianza na herufi ain, kwa kuwa aliyafuata matokeo ya herufi kutoka kooni kuja midomoni. Na Ibn Sina, aliyeishi tangu 980 hata 1037, naye alikuwa tabibu, aliandika risala juu ya namna herufi zinavyotokea, na humo akaeleza maumbile ya zoloto na ya ulimi. Kwa hiyo kuuliza, "Jambo hili latoka wapi khasa?" ni desturi yetu ya zamani katika kusoma, nayo ndiyo iliyokosekana katika khabari ya ugonjwa wangu.

Ugonjwa wenyewe ulinianza baada ya mafua mazito. Mafua yalikwisha, koo likabaki na udhaifu. Hapa Kigongo, kabla ya daraja kufunguliwa mwezi wa Juni 2025, magari yote yaendayo Sengerema na Geita yalikuwa yakingoja kivuko cha kwenda Busisi, ng'ambo ya ghuba. Malori yalipanga mstari mrefu, na moshi wa dizeli ukatanda barabarani. Nikipita hapo, koo langu hushikwa ghafula kana kwamba mkono umelikaba. Pumzi huingia kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na baada ya dakika chache huachia, nikabaki nimechoka na sauti imepwaya. Kisha ikawa si moshi tu. Harufu ya marashi makali, kicheko cha ghafula, upepo wa baridi wa alfajiri utokao ziwani, vyote vikawa sababu. Baya kuliko yote, yalinijia nikisomesha. Nalikatika katikati ya aya mbele ya watoto arobaini, na wadogo miongoni mwao wakalia wakidhani mwalimu wao anakufa. Mwalimu wa madrasa hana chombo cha kazi ila sauti yake. Ikimwacha, na riziki yake imo mashakani.

Katika miaka ile minne ugonjwa wangu ulipewa majina matatu, nami nitayataja kila moja na madhara yake.

Jina la kwanza ni pumu. Nalipewa kichupa cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, na iliposhindwa nikaongezewa kipimo, kisha vidonge vya steroidi, mara hii siku tano, mara hii wiki mbili. Vidonge hivyo ni dawa kubwa, na kwa mwenye pumu kali huokoa maisha. Walakini vikitumiwa sana vina gharama yake mwilini. Uso wangu ulivimba, usingizi ukapotea, na sukari ikapanda katika damu. Dawa ya kuvuta nayo iliniletea mashaka ya saumu, kwani wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana kama inafunguza au haifunguzi; nami nikifuata kauli ya wale wasemao inafunguza, nalikula siku nyingi katika Ramadhani mbili na kuzilipa baadaye. Yote hayo nalivumilia kwa dawa ambayo haikuwa ikifika mahali penye ugonjwa. Ingawaje, sina neno baya juu ya wale walionitibu. Katika zahanati zetu mwenye kukoroma ni mwenye pumu mpaka ijulikane vingine, na mara nyingi dhana hiyo huwa kweli.

Jina la pili ni jini. Jamaa zangu waliona kwamba hospitali imeshindwa, wakasema mtu akabwaye ghafula na kuachiwa ghafula, bila ya homa wala kidonda, huyo amekabwa na asiyeonekana. Shangazi yangu, mama mwenye huruma na ibada, alileta chetezo cha ubani akanifukizia chumbani, milango imefungwa. Koo likafunga kuliko siku zote. Shangazi akasema, "Mwaona? Limeudhika na ubani!" Ndugu zangu, sisi Waislamu twaamini kwamba majini wapo, kwa kuwa Kurani Tukufu imewataja, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema lililothibiti katika mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie. Lakini moshi ni moshi. Moshi wa ubani na wa udi huchokoza koo lililo dhaifu kama moshi wa lori unavyolichokoza. Anayetaka kumsomea mgonjwa asiyeweza kuvuta pumzi, na amsomee dirisha likiwa wazi na chetezo kikiwa nje. Mtume wetu huyo huyo aliyetufundisha dua ndiye aliyetufundisha kutafuta dawa, wala hakuna katika hayo mawili linalomkanusha mwenziwe.

Jina la tatu ni uzushi, na hili ndilo lililoniuma zaidi. Kijana mmoja wa hospitali alinibana kidoleni kile chombo kipimacho oksijeni katika damu, akaona ni 98 katika 100, akaniambia kwa upole, "Mzee, wewe huna ugonjwa. Ni wasiwasi tu." Neno hilo lilinitangulia nyumbani. Wako waliosema mwalimu amechoka kusomesha na anatafuta udhuru. Tangu hapo nikawa naficha; nikihisi koo linaanza kubana hutoka nje na kukaa nyuma ya ukuta mpaka lipite. Kumbe kipimo kile hakikusema uongo. Katika ugonjwa huu oksijeni ya damu aghalabu haipungui sana, kwani upenyo uliobaki hupitisha kiasi cha kutosha. Lakini kuwa na oksijeni ya kutosha si dalili ya kuwa mtu anazua. Nyuzi zile hufunga zenyewe, wala mgonjwa hakuziamuru. Wasiwasi huweza kuzidisha jambo, kama unavyozidisha maradhi mengi. Na nani asiyeshikwa na wasiwasi pumzi inapokwama?

Aliyelifungua fundo hili ni mke wangu, ambaye hakusoma utabibu, bali ana masikio yanayosikiliza. Usiku mmoja baada ya koo kuachia aliniambia, "Mwalimu, mimi nimekusikiliza vizuri. Ukitoa pumzi huna neno. Ukivuta ndipo unapokoroma. Na sauti yenyewe haitoki kifuani, yatoka hapa," akaniwekea kidole shingoni. Marehemu baba yake alikuwa na pumu, naye alikumbuka kwamba mzee yule alikuwa akitaabika katika kutoa. Akachukua daftari la mtoto, akawa anaandika: siku, saa, mahali, harufu iliyokuwapo, nilichokuwa nikifanya, dakika ngapi, na kama dawa ilisaidia. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa na mambo kumi na tisa. Katika hayo yote, mengi yalikwisha kabla dawa haijapata muda wa kufanya kazi.

Tulikwenda na daftari lile Bugando, hospitali ya rufaa iliyo juu ya kilima katika mji wa Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, na ambayo watu wa mikoa yote ya kanda ya Ziwa huikimbilia. Tabibu wa masikio, pua na koo alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza mambo matatu: inashika wapi, kooni au kifuani? Inashika wakati wa kuvuta au wakati wa kutoa? Yaja na kuondoka kwa kasi gani? Nalipuliza katika chombo cha kupimia pumzi. Kutoa kwangu kukaonekana kuzima, ila kuvuta kukaonekana kumezuiwa. Ndipo akanipitishia puani mrija mwembamba laini wenye kamera nchani, nami nikaona katika kioo nyuzi zangu za sauti, nyeupe, zikifunguka na kufunga kama desturi. Tabibu akasema, "Sasa zimetulia. Ugonjwa huu hauonekani ila ukikamatwa kazini." Akaniamuru nisome kwa sauti kubwa, kisha nivute pumzi upesi upesi huku kitambaa chenye marashi kikiwa karibu. Koo likashikwa. Sote tukaona: nikivuta, nyuzi zinakutana mbele, pamebaki upenyo mdogo nyuma tu. Nalitokwa na machozi, na si kwa maumivu. Miaka minne nalikuwa nikieleza jambo hilo, na siku ile lilijieleza lenyewe mbele ya macho ya watu watatu.

Chombo cha kutazamia koo kina khabari yake, nayo inawapendeza walimu. Mtu wa kwanza aliyejulikana sana kwa kutazama nyuzi za sauti za mtu aliye hai zikifanya kazi hakuwa tabibu. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, Mhispania, ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo na nuru ya jua akajitazama koo lake mwenyewe, na mwaka 1855 akawaeleza wataalamu wa London aliyoyaona. Alitaka kujua tu sauti ya wanafunzi wake yatoka vipi. Walakini hata baada ya hapo ugonjwa huu ulikaa sana katika kivuli cha pumu. Mwaka 1983 matabibu wa Denver, Marekani, waliandika khabari za wagonjwa 5 waliokuwa wakitibiwa pumu isiyosikia dawa, na kumbe nyuzi zao za sauti ndizo zilizokuwa zikifunga. Tangu hapo ndipo matabibu wengi walipoanza kuutafuta. Na kabla ya hao wote, Abu Bakr al-Razi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika kitabu mashuhuri cha kupambanua ndui na surua, maradhi mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Kupambanua viwili vinavyofanana ni kazi kongwe ya utabibu, wala haina aibu kwa aliyeshindwa siku ya kwanza.

Tiba yake kubwa si kidonge. Ni kulifundisha koo upya, na mafundisho hayo hutolewa na mtaalamu wa matamshi na sauti. Wataalamu hao ni wachache mno katika nchi yetu. Mimi nalifundishwa kwa siku chache nikaambiwa niendelee nyumbani. Hushusha mabega, nikalegeza taya na kuulaza ulimi, nikavuta pumzi kwa puani, polepole, tumbo likitangulia kifua. Kisha nikaitoa kwa upole kupitia menoni kwa sauti ya sini, au ya fee, au ya shini. Nilipoambiwa hivyo nalitabasamu, kwani hizo zote ni katika herufi za hamsi, herufi ambazo wasomaji wa tajwidi hujua kwamba pumzi hupita nazo bila ya kuzuiwa. Zoezi hilo hulifanya kila siku nikiwa mzima, ili koo likumbuke siku ya taabu. Kwani asiyejifunza kuogelea ufukoni hatajifunza akiwa amezama.

Mengine ni ya kujikinga. Tindikali ya tumbo ipandayo kooni usiku huchokoza nyuzi hizi, basi silali nikiwa nimeshiba. Na katika Ramadhani hufuturu kwa kiasi, nikaacha muda kabla ya kulala. Nyumbani kwetu udi hufukizwa nguo zikiwa uani, nami nimo ndani. Nasomesha kwa kupumzika kila baada ya robo saa, na wakubwa katika wanafunzi huwasomesha wadogo. Vidonge tabibu alinipunguzia kidogo kidogo hata nikaacha. Na hili nalisisitiza, kwamba vidonge vya steroidi vilivyotumiwa muda mrefu haviachwi kwa siku moja, bali kwa amri ya tabibu. Sijapona kabisa. Mwaka huu koo limenishika mara saba. Lakini sasa najua ni nini, na watoto wangu wa madrasa wanajua, hawalii tena. Mmoja hufungua dirisha, mwingine huniletea maji, na aliyekuwa akisoma huendelea kusoma.

Nisije nikaeleweka vibaya, nitasimulia jambo jingine. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa miaka 14, mkimbiaji hodari shuleni, alianza kukatika pumzi akikimbia, na kwao wakasema ni uvivu. Mama yake aliposikia khabari yangu alikuja mbio akasema, "Mwalimu, huyu ana ugonjwa wako." Nikamjibu, "Mama, mimi si tabibu. Andika kama mke wangu alivyoandika, umpeleke akapimwe." Kweli ugonjwa huu wangu huwapata vijana wanamichezo mara nyingi, lakini msichana yule alipopimwa, ikaonekana ana pumu khasa. Alipewa dawa ya kuvuta, ile ile iliyonishinda mimi, na leo anakimbia. Lau angalipewa jina langu angaliumia, kama nilivyoumia mimi kwa jina lake. Pumu huua, ndugu zangu. Mwenye kichupa cha dawa asikitupe kwa sababu amesoma makala hii. Na wako watu wenye maradhi yote mawili kwa pamoja. Tena, mwenye kukosa pumzi hata midomo ikabadilika rangi, au akashindwa kusema, au akazimia, huyo hangojwi wala haandikiwi daftari. Hukimbizwa hospitali saa ile ile. Na mtoto mdogo aliyekuwa mzima akakoroma ghafula, huenda amepaliwa na punje au kitu kingine, naye vile vile hangojwi.

Basi nawausia wenye nyumba mambo machache. Mgonjwa wa pumzi msikilizeni kwa masikio kabla ya kumpa jina: yakwama wapi, wakati gani, kwa muda gani, baada ya nini. Yaandikeni, kwani tabibu humwona mgonjwa robo saa, nanyi mnaishi naye. Dawa ikitumiwa kama ilivyoamriwa na isisaidie, rudini mkaulize kwa adabu, "Huenda ni jambo jingine?" Swali hilo halimvunjii tabibu heshima. Na msimwite mgonjwa mwongo kwa sababu chombo hakikuona kitu. Huenda kimetazama mahali pengine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu busara ya kupambanua, na atupe sisi tulio karibu nao subira ya kusikiliza. Amin.